Rafu ya Vitabu: Familia ya Redlich na Barua Zilizokoma

Kwa kawaida hapa tunasoma riwaya na diwani zilizoandikwa kwa Kiswahili. Mara hii nimemwomba mhariri ruhusa nivuke mpaka kidogo, kwa kuwa nimepata riwaya ya Kijerumani ambayo wahusika wake wanazungumza Kiswahili karibu kila siku. Inahusu familia ya Kiyahudi iliyokimbia Ujerumani ya Hitler ikaenda kuishi kwenye mashamba ya Rongai na Ol Joro Orok, nchini Kenya.

Riwaya yenyewe inaitwa Nirgendwo in Afrika, na mwandishi wake ni Stefanie Zweig. Ilitoka mwaka 1995. Mimi niliisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Marlies Comjean, iliyochapishwa mwaka 2004. Jina lake linasumbua kulitafsiri. "Nirgendwo" ni mahali ambapo si mahali. Ukiulizwa uko wapi, unajibu "sipo popote". Tuliite basi Si Popote Afrika, na mwenye jina bora atuletee kwenye kikao.

Zweig alizaliwa mwaka 1932 katika mji mdogo wa Leobschütz. Wakati huo mji huo ulikuwa Ujerumani. Leo uko Poland na unaitwa Głubczyce. Baba yake alikuwa wakili. Mwaka 1938 familia yake ilikimbilia Kenya, na mwaka 1947 ikarudi Ujerumani, katika mji wa Frankfurt. Riwaya inafuata njia hiyohiyo, ila majina yamebadilishwa: baba anaitwa Walter Redlich, mama ni Jettel, na binti yao ni Regina. Kwa hiyo ni hadithi ya kubuni iliyojengwa juu ya msingi wa maisha ya kweli, na tunapoisoma tuna haki ya kuuliza maswali ya aina mbili: ya fasihi na ya historia.

Jambo moja lilinishangaza kuliko mengine yote. Hii ni riwaya kuhusu mateso ya Wayahudi, lakini msomaji hapelekwi kwenye kambi ya mauaji hata mara moja. Haoni treni wala bunduki. Anachoona ni familia iliyokaa shambani, mbali kabisa, ikingoja posta. Naamini nguvu ya kitabu hiki iko hapo, na ndilo ninalotaka tulijadili.

Kwa nini waliondoka, na kwa nini wengine walibaki

Tuanze na historia, kwa wale ambao hawakuisoma shuleni. Hitler alishika madaraka tarehe 30 Januari 1933. Ujerumani ilikuwa na Wayahudi wapatao nusu milioni, na wengi wao walijihesabu kuwa Wajerumani kama Wajerumani wengine. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo sheria zilianza kuwaondoa katika utumishi wa serikali na katika mahakama. Mwaka 1935 zikaja Sheria za Nuremberg, zilizowanyang'anya uraia kamili na kupiga marufuku ndoa kati yao na wale walioitwa watu wa damu ya Kijerumani. Wakili kama Walter alijikuta hana kazi, hana wateja, na kwa macho ya dola yake hana nchi.

Mtu wa leo huuliza: mbona wote hawakuondoka? Riwaya inajibu vizuri kuliko kitabu changu cha historia. Kuondoka kulikuwa na bei. Serikali ya Wanazi iliwatoza wanaohama kodi nzito, ikawanyang'anya mali, na mwishowe ikawaruhusu kutoka na marki 10 tu mfukoni. Halafu ilibidi kupata nchi ya kukupokea. Mwezi wa Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Évian, Ufaransa, kuzungumzia wakimbizi hao. Walitoa hotuba za huruma, lakini karibu wote walisema nchi zao haziwezi kupokea watu zaidi. Kenya nayo ilikuwa koloni la Uingereza, na serikali ya kikoloni ilitaka dhamana ya fedha kabla ya kumruhusu mhamiaji aingie. Wayahudi waliokuwa wamekwishakaa Nairobi walijitahidi kusaidia, lakini waliofika walikuwa wachache.

Walter anatangulia peke yake. Riwaya inaanza na barua zake kutoka Rongai za mwezi wa Februari 1938, akimwelekeza mkewe cha kufanya na cha kubeba. Anamwomba alete jokofu. Jettel anafika na gauni jipya la jioni. Wasomaji wengi humcheka hapo, na mimi nilicheka. Baadaye nilifikiri: huyu ni mwanamke anayefunga mizigo ya safari asiyoielewa. Anadhani anaondoka kwa muda mfupi, kwamba wazimu huu utapita na siku moja atalivaa gauni lake. Jokofu ni la mtu anayehama. Gauni ni la mtu anayetegemea kurudi.

Jettel na Regina wanafika kabla ya usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, usiku ambao Wanazi walichoma mamia ya masinagogi, wakavunja maduka ya Wayahudi, na kuwakamata wanaume wapatao 30,000. Lakini mama yake Jettel na dada yake wamebaki Breslau. Baba yake Walter na dada yake nao wamebaki. Familia imekatika vipande viwili, na kinachoviunganisha ni stempu.

Posta

Nilipokuwa nasoma niliweka alama kila mahali palipotajwa barua, na mwishowe kitabu kilijaa alama. Mwanzoni barua zinakwenda na kurudi. Zinachelewa, lakini zinafika. Jettel anahangaika mama yake apate njia ya kutoka. Pesa hakuna, kibali hakuna. Halafu Septemba 1939 vita vinaanza, na posta ya kawaida kati ya Ujerumani na koloni la Waingereza inakatika. Inabaki njia ya Msalaba Mwekundu. Katika historia ya kweli, fomu zile ziliruhusu maneno 25 tu. Hebu jaribuni leo kumwandikia mama yenu maneno 25, mkijua kwamba yatasomwa na wakaguzi na huenda yakachukua miezi kufika. Mtaanza na lipi?

Kupitia njia hiyo unafika ujumbe mfupi kutoka Breslau: wanapelekwa Poland kufanya kazi. Hakuna malalamiko ndani yake. Jettel anataka kushikilia neno "kazi". Walter anaelewa neno "Poland" lina maana gani. Mume na mke wamesimama mbele ya karatasi moja, na kila mmoja anasoma habari yake.

Sisi wasomaji tunajua wasichokijua wao. Tunajua kwamba mwishoni mwa Novemba 1941 Wayahudi wapatao 1,000 walikusanywa Breslau, wakapakiwa kwenye treni, na siku chache baadaye wakapigwa risasi kwenye ngome karibu na mji wa Kaunas, Lithuania. Treni nyingine zikafuata. Tunajua kwamba hadi vita vilipokwisha Wayahudi wapatao milioni 6 walikuwa wameuawa. Zweig hatupi takwimu hizo. Anatupa mtu anayemwangalia mpanda baiskeli au lori la mizigo likikaribia shamba, akijiuliza kama leo kuna barua. Baada ya vita barua zinaanza kufika tena, lakini zimeandikwa na watu wengine. Zinaeleza kwamba wale waliobaki hawapo.

Nilimsimulia shosho yangu kisa hiki kwa simu. Shosho yuko Nyandarua, si mbali sana na Ol Joro Orok. Kusoma hasomi vitabu vya Kiingereza, lakini hadithi anaifuata neno kwa neno. Nilipofika kwenye sehemu ya mama yake Jettel, alinikatiza: "Na huyo mama aliachiwa nani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejishughulisha na waliokimbia, yeye akamtafuta aliyeachwa. Sisi tunaosoma huku ng'ambo, wenye wazee nyumbani, tunalijua swali hilo hata kama hatupendi kuulizwa. Tofauti ni kubwa, na lazima niiseme: sisi tunaweza kupiga simu, na hakuna anayewawinda wazee wetu. Lakini baada ya swali la shosho nilizirudia zile kurasa za barua, na nikazisoma polepole zaidi.

Nyumba moja, lugha tatu

Mateso ya Wanazi hayakuitenganisha familia hii kwa bahari tu. Yaliitenganisha hata ndani ya nyumba. Walter alikuwa mtu wa maneno. Wakili huishi kwa ulimi wake. Huko Rongai Kijerumani chake hakinunui chochote. Kiingereza chake ni cha kubahatisha na Kiswahili ni kidogo. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Walter alipewa jembe kweli: akawa meneja wa shamba la mtu mwingine, akisimamia kazi asiyoijua. Jettel naye anakataa kujifunza. Kila neno jipya kwake ni kama kukubali kwamba hatarudi.

Regina ni mtoto wa miaka mitano hivi. Yeye anakimbilia nje. Kwa muda mfupi anazungumza Kiswahili, anaokota na maneno ya Kijaluo kutoka kwa mpishi wao Owuor, anajua miiko na hadithi za watu wa shamba. Baadaye anapelekwa shule ya bweni ya Waingereza huko Nakuru, anapata Kiingereza, na anajifunza pia kwamba pale yeye ni mkimbizi na Myahudi. Basi nyumba ina Kijerumani cha wazazi, Kiingereza cha shule na Kiswahili cha jikoni na uwanjani, na mtu pekee anayeweza kupita milango yote mitatu ni mtoto.

Wengi wetu katika klabu hii tumewahi kukaa mbele ya dawati la ofisi fulani tukiwa na miaka tisa au kumi, tukimtafsiria mama swali la karani, na kumtafsiria karani jibu la mama, huku tukipunguza ukali wa pande zote mbili. Regina anafanya hivyo kwa miaka. Anajua ni wakati gani baba amekata tamaa, anajua ni habari gani asimpe mama. Mtoto anayetafsiri hukua haraka kupita kiasi. Zweig alilijua hilo kwa kuliishi, na sura zinazomhusu Regina ndizo nilizozipenda zaidi.

Kiswahili cha nani?

Sasa nifike kwenye lugha yenyewe, maana walimu wetu hawatanisamehe nikiiruka. Kiswahili cha riwaya hii ni kile kilichoitwa Kisetla, yaani Kiswahili cha walowezi. Utakutana na "bwana", "memsahib", "toto", "shauri". Ngeli zimepigwa chini zote. Ukikiandika hivyo katika insha yako, wino mwekundu utakwisha.

Lakini hatutoshi kucheka sarufi. Tuulize lugha ile ilikuwa ya kazi gani. Katika miaka ya 1930 kilikuwapo kitabu cha F. H. Le Breton, Up-Country Swahili, kilichotangazwa kuwa ni cha askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Angalieni orodha hiyo: wote ni watu wa kuagiza. Lugha iliyofundishwa hivyo ni ya kusema lete, ondoa, fanya upesi. Haikuwa na haja ya "samahani" wala "tafadhali", achilia mbali "ulilala salama?"

Ndani ya riwaya Kiswahili kinatumika namna mbili. Watu wazima wa Kizungu wanakitumia kutoa amri. Regina anakitumia kuuliza, kucheka, kuapa, kusimuliana hadithi. Lugha ni ileile na sarufi mbovu ni ileile, ila anayezungumza anataka kitu kingine. Sisi tunaojifunza upya lugha ya wazazi wetu tukiwa wakubwa huogopa sana kukosea ngeli. Mimi Regina amenipunguzia hofu hiyo. Alikosea ngeli zote, na watu wa shamba walimwelewa.

Owuor na joho

Mhusika anayependwa zaidi na wasomaji ni Owuor, mpishi Mjaluo. Walter anapougua malaria mwanzoni kabisa, kabla familia yake haijafika, Owuor ndiye anayemuuguza. Walter hana cha kumlipa. Anampa kitu ambacho Ujerumani kilikuwa na thamani kubwa na hapa hakina kazi: joho lake jeusi la uwakili. Owuor analipokea kwa heshima na kulivaa. Ni tukio zuri. Mtu aliyepigwa marufuku kuingia mahakamani kwao anamvisha joho mtu mwingine ambaye, katika koloni lile, naye asingeruhusiwa kuwa wakili kirahisi.

Hata hivyo nina ugomvi kidogo na mwandishi hapa. Owuor anawafuata kina Redlich kutoka shamba hadi shamba. Anawapikia, anawafundisha, anamlea Regina. Ana wake na watoto kwao upande wa ziwa, lakini riwaya inawataja tu na kupita. Haituulizi kwa nini baba wa watoto wengi yuko mbali nao miaka yote hiyo akimlea mtoto wa watu. Jibu lipo katika historia ya Kenya: kodi ya nyumba iliyolazimu watu kutafuta shilingi, na kipande, ile hati ya kazi ambayo wanaume Waafrika walilazimishwa kutembea nayo kuanzia karibu mwaka 1920, wengi wakiivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati.

Sisemi mambo haya ni sawa. Hakuna aliyewakusanya watoto wa Owuor na kuwapakia kwenye treni ili wauawe, na anayelinganisha maumivu kama anayepima sukari dukani hawatendei haki wote wawili. Ninachosema ni kwamba katika nyumba ile kulikuwa na familia mbili zilizotenganishwa, na mwandishi alisimulia moja. Msomaji wa Kiswahili anaona nafasi ya hadithi ya pili. Labda mmoja wetu ataiandika.

Ardhi ya nani?

Kuna swali jingine linaloumiza kichwa. Rongai na Ol Joro Orok zilikuwa ndani ya yale yaliyoitwa Maeneo ya Juu ya Wazungu. Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa kwa mkataba wa mwaka 1904, na walioelekezwa Laikipia wakahamishwa tena kwa mkataba wa mwaka 1911. Mwaka 1939, wakati Walter akiwa huko, amri ya serikali ya Uingereza iliithibitisha kisheria ardhi ile kuwa ya Wazungu. Maana yake ni kwamba mtu aliyefukuzwa kwao kwa sheria ya rangi na damu alipata hifadhi mahali palipotawaliwa na sheria nyingine ya rangi, na mara hii sheria ilimweka upande wa juu.

Tena si juu sana. Walter hakumiliki hata ekari moja. Walowezi wengi hawakuwapenda wakimbizi hawa, wakawaona maskini wanaoshusha hadhi ya Mzungu. Na vita vilipoanza mwaka 1939, Waingereza waliwakamata na kuwaweka kizuizini kama raia wa nchi adui. Ujerumani iliwafukuza kwa kuwa ni Wayahudi. Kenya ikawafunga kwa kuwa ni Wajerumani. Baadaye Walter alijiunga na jeshi la Uingereza lilelile lililomfunga.

Wazazi wa shosho yangu walikuwa maskwota kwenye shamba la mlowezi. Nilimuuliza kama aliwahi kusikia kwamba baadhi ya Wazungu wale walikuwa wakimbizi. Akasema hapana, kwao Mzungu alikuwa Mzungu, na waliwatofautisha kwa mambo mawili tu, mkali na asiye mkali. Wakati wa Hali ya Hatari, katika miaka ya 1950, familia yake ilifukuzwa shambani pamoja na maelfu ya Wakikuyu wengine, na baadhi ya ndugu hawakuonana tena kwa miaka. Ninaandika haya nikiwa na furaha kwamba kina Zweig walipona. Furaha hiyo na historia ya shosho zinakaa kwenye kichwa kimoja, na sijaona sababu ya kuifukuza mojawapo.

Kurudi

Sehemu ya mwisho inahusu kurudi, na hapo familia inapasuka tena. Walter anataka Ujerumani. Anaitwa kuwa hakimu Frankfurt, na anaamini kwamba nchi ile ikibaki bila watu kama yeye itabaki mikononi mwa walewale. Jettel anauliza atawezaje kuishi kati ya watu walioua mama yake. Regina, ambaye sasa ni msichana, anajua nyumba moja tu, na nyumba hiyo iko Kenya. Wote watatu wana haki. Riwaya haimpi ushindi yeyote kati yao, na nadhani ni uamuzi wa busara.

Owuor anaondoka kabla yao, na kumwambia Regina kwaheri kunauma kuliko kifo chochote kinachotajwa kitabuni, kwa sababu tukio hili tunalishuhudia na yale mengine tunayasoma tu katika barua. Zweig mwenyewe alirudi Ujerumani akiwa na umri wa miaka 14, akawa mwandishi wa habari za sanaa Frankfurt, na ikapita zaidi ya miongo mitatu kabla hajaanza kutoa vitabu vyake kuhusu Afrika. Alifariki mwaka 2014.

Filamu, na maswali ya kikao

Wasiokuwa na nafasi ya kusoma wataweza kutazama filamu ya Caroline Link ya mwaka 2001, yenye jina lilelile. Ilipigwa Kenya, na mwaka 2003 ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Mwigizaji Mkenya Sidede Onyulo ndiye Owuor, na kwa maoni yangu anampa mhusika huyu uzito ambao kitabu kinamnyima: kuna wakati anamtazama Jettel kimya, nawe unajua hasa anafikiri nini. Filamu inampa Jettel nafasi kubwa kuliko kitabu, na inaongeza mapenzi ya pembeni ambayo mimi ningeyaacha. Masikioni lakini ni raha: Kijerumani, Kiingereza na Kiswahili vinapokezana bila kuombana radhi.

Nawashauri msome. Msikisome kama kitabu kuhusu Kenya, maana Kenya yake ni ya mtoto aliyependwa na watu wa shamba asiyeona kila kitu. Kisomeni kama kitabu kuhusu namna mauaji makubwa yanavyomfikia mtu aliye mbali: kwa karatasi ndogo, kwa maneno machache ya adabu, halafu kwa kimya.

Tutaitazama filamu pamoja kwenye kikao kijacho, na chai ya maziwa itakuwepo. Naomba kila mmoja aje na jibu la maswali haya matatu. Kwanza, je, Jettel alikosea kununua gauni? Pili, kama Owuor angeandika barua kwa wake zake kuhusu kina Redlich, angewaeleza nini? Jaribuni kuiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, na barua bora itachapwa kwenye toleo lijalo. Tatu, ni lile swali la shosho: aliyebaki aliachiwa nani? Hilo mnaweza kulijibu kutoka kitabuni, au kutoka kwenu.

Tukutane kwenye kikao. Wenye nakala ya kitabu waliyoazima maktaba tafadhali warudishe mapema, tuko wengi tunaoingoja.